Spana Namba Kumi na Tatu

Taa iliwaka Jumanne, ya njano,
umbo la kisanduku chenye vitone tumboni,
kama kitu kilichomeza mbegu.
Nilidhani itazimika yenyewe.
Nimewahi kudhani hivyo kuhusu mambo mengi.

Kazi yangu ni kusambaza dawa, Ruda nzima:
duka la Bi Kornelia mpaka hospitali, kilomita mbili,
hospitali mpaka makao ya wazee, moja na nusu,
zima, washa, zima, washa.
Gari halijapata kutoka jasho.
Achim fundi akasema dizeli inataka safari;
ikipata moto wa kutosha hujichomea uchafu wake.
Usipoisafirisha, masizi huganda kooni.

Akafuta mikono, akanitajia bei mbili.
Ya kwanza, kulifungua chujio na kulisafisha.
Ya pili, nusu yake, aliitaja akitazama dirisha:
kulipasua, kulitoa matumbo, kulichomelea tena,
na kuidanganya kompyuta iamini kila kitu kipo.
"Nani atachungulia ndani ya bomba?"
Kweli, nani.
Hapa tumezaliwa chini ya moshi;
mama alifua mashuka mara mbili
na bado tulilalia kijivu.

Baba yuko ghorofa ya tatu
na mashine yake ya hewa inayonguruma kama friji.
Miaka ishirini na sita chini ya ardhi.
Kwenye picha ya kifua, makaa ya mawe huonekana meupe.
Sikumwambia bei ya pili. Aliisikia mwenyewe:
kuta nyembamba, na mimi huongea na simu kama niko mnadani.
"Kabla ya kulikata," akasema, "kalikimbize."

Tukatoka saa nne usiku, mtungi wake magotini,
barabara kuu ya kwenda Opole,
gia ya tatu kama alivyoagiza Achim,
mshale juu ya elfu mbili na mia tano,
malori yakitupita kwa dharau.
Mpaka Gliwice hakuna aliyesema neno.
Kisha harufu, chuma kilichokasirika.
"Linaungua," nikasema.
"Nasikia," akasema baba,
akashusha kioo, mzee mkaidi,
akakohoa kilomita nne mfululizo,
akicheka kati ya kikohozi na kikohozi.
Taa ikazimika.
Tulinunua soseji kituo cha mafuta. Haradali ilidondokea mtungi.

Wiki tatu.
Ijumaa ikawaka tena, na nyekundu pembeni,
gari likapanda kilima kama mtu anayehesabu ngazi.

Achim akanieleza taratibu, kama anayeleta habari ya msiba:
masizi huungua, majivu hayaungui.
Kila moto huacha chembe, na chembe hazina pa kwenda.
Kilomita laki mbili na arobaini.
"Hapo barabara haisaidii, Ula."
"Basi fungua. Nitalipa kwa mafungu matatu."
Akaniangalia kama aliyetegemea jibu jingine.

Baba akataka kuona.
Akashuka ngazi zote, akipumzika kila ghorofa,
akakaa juu ya kreti la bia katikati ya gereji.
Achim akaligongagonga chujio juu ya gazeti,
vumbi likatoka, laini kuliko unga,
likafunika matokeo ya mpira.
Akalipima kwenye mizani ya skrubu: gramu sitini na nane.
Baba akachovya kidole, akakitazama sana.
"Haya tu?"
"Haya tu, mzee."
Akajipangusa kwenye suruali, mara mbili,
akauliza bolti zile zinafunguliwa kwa spana namba ngapi.
"Kumi na tatu," akasema Achim.
Akaiokota sakafuni, akajipapasa kifuani,
akitafuta pa kuiingiza.