Mji Uliosahau Jeneza

Baba alichora mji kwenye meza ya kulia,
sahani zikishaondolewa na makombo kufutwa,
karatasi pana kuliko meza,
ncha zake zimekandamizwa kwa tasa, kwa chano,
kwa kinu kidogo cha bizari,
na ncha ya nne kwa mkono wangu.

"Usitikisike," akisema, "unatikisa bara zima."

Karani wa vipimo, Idara ya Ujenzi, Wete:
Shaame Kombo, kanzu ina wino mfukoni,
hakuwahi kuvuka zaidi ya Unguja,
na hata Unguja alitapika njia nzima.
Lakini mji wake ulikuwa wa walimwengu wote.
Shule aliiweka katikati, pale ambapo miji mingine
huweka boma au gereza.
Miti aliichora duara kama senti,
na watu wadogo wadogo wasio na nyuso
ili kila atakayekuja
ajikute keshafika.

Pembeni, kwa penseli, akaandika:

*Mji nauchora humu, mwenye nao sitamwona,*
*ni wa kila mwanadamu, wa kesho, leo na jana,*
*asoulizwa kaumu, wala ubini na jina,*
*ufunguo ni haramu, wa nini kufungiana?*

Sisi tulikaa ghorofa ya tatu, fleti za Mtemani,
zile ndefu za kijivu, ambazo nazo
ziliwahi kuwa mji wa mtu kwenye karatasi.
Maji yalipanda hadi ghorofa ya kwanza, yakachoka.
Mama aliyapandisha yaliyobaki,
ndoo kichwani, ndoo mkononi,
hesabu ya vidato mdomoni:
arubaini na nane, arubaini na tisa.
Bi Raya wa chini alifuga kuku bafuni.
Msimu wa karafuu tulianika hadi kwenye ngazi;
ukienda shule unashuka na harufu.

Usiku mmoja Mama akasimama nyuma ya kiti chake,
mikono bado ina povu,
akautazama mji ule
kama mtu anayekagua kitambaa asichokusudia kununua.
"Bwana Shaame, karafuu wataanika wapi?"
Hapa, juu ya dari.
"Arusi?"
Hapa, uwanjani.
"Na maiti wao watamtolea wapi?"

Baba akashika kifutio.
Akakitazama.
"Huko," akasema, "bado hatujafika."

Alifariki Mfungo Sita, alfajiri, mvua inanyesha.
Jeneza lilipanda kwa shida, kushuka likakataa.
Kwenye kona ya ghorofa ya pili ngazi ilibana,
upana alioupanga mtu fulani, nchi ya baridi,
aliyedhani watu hushuka kwa miguu yao daima.
"Msimsimamishe! Maiti hasimamishwi!"

Basi wakampitisha nje ya ukingo,
hewani,
kutoka mikono ya Mkojani muuza kamba
kwa Mmakonde wa bekari,
kwa Jivraj fundi saa, asiyesemeshana na Baba
tangu ule ugomvi wa tangi la maji,
na chini kabisa Bi Raya,
naye mwanamke, na wanawake hawabebi,
akashika mguu wa jeneza
na hakuna aliyemwambia kitu.
Milango yote ilikuwa wazi.
Si kwa wema. Ingefungwa mmoja tu, hatupiti.

Ramani ninayo mimi. Mchwa wamekula bandari.
Juzi nimeiweka dirishani, kwenye mwanga,
nikaona ngazi za mji wake zilifutwa
zikachorwa upya, pana zaidi,
karatasi imechakaa pale kwa kusuguliwa.
Na kwenye ngazi, watu sita wadogo, safu mbili,
kila mmoja bega moja limeinama.
Walichobeba hakukichora.

Mama haoni tena.
Nikamshika kidole, nikakipitisha
ukutani mwa ngazi hadi ukuta wa pili.

"Bado ndogo," akasema. "Ongeza."