Chaguo la Kwanza

Wameondoka wote. Feni bado yazunguka,
yagawa upya joto lile lile la mchana.
Leo hapa Sargoi nimejaza fomu kumi na tisa za vyuo:
wa Kisauni ataka uuguzi,
pacha wa Bondeni wamekosana kaunta,
mmoja sheria, mmoja "chochote, dada, bora nitoke nyumbani."
Ya ishirini ni yangu.

Jina: Umukheri Bwanaadi. Umri: ishirini na saba.
Chaguo la kwanza:
kishale chapepesa
kama mgeni anayebisha hodi
na anajua kuwa mumo ndani.

Sayansi ya Tarakilishi.
Neno tulilifunzwa shule, likatoka kwenye mtihani,
na tangu hapo sijamsikia mtu akilitamka.
Dukani twasema mashine.
Mamangu husema, hicho kioo chako.

Nyamawi alikomea kidato cha nne.
Hoteli tatu za Nyali, kurasa zao ni kazi ya mkono wake.
"Miaka minne?" hunicheka. "Mashine
ilikuuliza cheti lini?"
Twalib, binamu yangu, cheti anacho,
kimo ndani ya fremu, juu ya runinga ya mamake,
na yeye yuko Changamwe
anahesabu makontena kwa kalamu.
Nilimuuliza, ulijifunza nini kule?
Akafikiri hata chai ikapoa.
"Nilijifunza *kwa nini*," akasema.
Kisha, akiinua kikombe: "Lakini *kwa nini* hailipi kodi ya nyumba."

Ada ya muhula ni mahamri mangapi?
Hilo naweza kulikokotoa.
Nimelikokotoa. Nimelifuta.

Maana programu nimeandika moja tu maishani.
Daftari la madeni la mamangu,
lile la kurasa zilizolowa mafuta
hata wasoma Jumatatu mgongoni mwa Jumapili,
nililitia humu: jina, mahamri, mbaazi, tarehe.
Nilijifunza usiku kwa video za mwalimu nisiyemjua,
mtu mwenye kikohozi.
Ikaenda! Kila Ijumaa asubuhi
yatuma yenyewe: fulani, unadaiwa.

Bi Salma wa Kuze akafariki Jumanne.
Ijumaa, matangani, simu yake i mkononi mwa mwanawe,
ikalia:
*Bi Salma, unadaiwa shilingi mia mbili na arubaini. Shukran.*

Mamangu hakunigombeza.
Alisema tu, akikanda unga:
"Daftari langu lingenyamaza."

Nikaketi niirekebishe.
Kufuta najua. Kuandika sufuri najua.
Lakini kufuta ni kusema hakuwahi kula kwetu,
na sufuri ni kusema alilipa.
Nikatafuta jambo la tatu,
kusamehe,
sikujua laandikwaje.
Mpaka leo mna mstari mmoja mle
nimeutilia alama mwanzoni, mashine iuruke,
nayo yauruka
kama apitaye mlango wa msiba, viatu mkononi.

Je, hilo hufundishwa? Mwaka wa pili? Wa tatu?
Twalib hakumbuki.
Nyamawi asema: si ulifute, yaishe.
Na mimi hapo ndipo ninapomtilia shaka Nyamawi,
na siku ada inaponijia kichwani
namtilia shaka Twalib,
na usiku, najitilia mimi.

Kiooni: *muda wako utakwisha baada ya dakika tano.*
Charo mlinzi agonga bati kwa rungu.
"Dada, wala humo ndani au walala?"
Nimeandika. Nimefuta. Nimeandika.
Chaguo la pili nimeliacha tupu,
si ushujaa, nimekosa tu la kutia.
Nikabonyeza Hifadhi.
Tuma nimeitazama, ya kijani, kubwa kuliko inavyohitaji kuwa.

Kisha nikafungua daftari la tajiri, la karatasi,
nikaandika chini ya wale kumi na tisa:
Umukheri, fomu moja, shilingi mia.
Na pale pa kutia sahihi ya malipo:
bado.