Kumi na Nne Wima

Gazeti la Jumamosi hufika Moshi limechelewa,
limekunjwa mara nne, linanuka ndizi za jirani yake garini.
Siasa sisomi. Nafungua nyuma,
palipo na miraba, mieupe na mieusi,
nalitandaza juu ya meza ya cherehani niliyoing'oa kichwa,
na Ndeshukurwa anavuka Double Road,
penseli sikioni, vipande vya uzi begani.

Yeye anauza vifungo, zipu, lastiki.
Mimi fundi wa vyerehani.
Tuna sheria moja: huandiki jibu
kabla hujasema limetokaje.
Jibu lisilo na sababu, husema,
ni kifungo kisicho na tundu.

Tatu mlalo: *Mji wetu ukigeuzwa, utatumbukia.* Herufi tano.
Nikasema, basi si Arusha,
Arusha ina herufi sita na majivuno.
Hakucheka. Alilikata neno kwa ukucha: mo, shi.
Akalibinua kama mfuko wa suruali: shi, mo.
Shimo.
Tukatazama nje, kwenye mtaro
ulioachwa wazi tangu Pasaka.

Nane wima: *Mji mdogo ndani ya mashimo.* Herufi nne.
Hapo nilimpiku.
Usifuate maana, nikamwambia, maana ni chambo;
hesabu herufi. M, a, s, ziache zilale.
Zilizobaki zinakupeleka Himo.

Elifasi, kijana wangu wa kazi, akashusha bisibisi:
"Si wangeuliza tu, ukienda Marangu
unapita mji gani?"
Ndeshukurwa akamgeukia taratibu.
"Sema *tema*."
"Tema."
"Anza na mwisho."
"Ma…" akasita, "…te."
Akacheka mpaka bobini zikamwagika,
tukazitafuta chini ya meza hadi saa tisa,
na moja hatujaiona mpaka leo.

Lakini kumi na nne wima ilitukalia kooni.
*Nenda juu, weka chini.* Herufi tano.
Mimi niliandika *ngazi*, kwa mkono mwepesi.
"Limetokaje?"
"Unakwenda juu."
"Na kuweka chini?"
"Ukishamaliza, unaiweka chini."
Akafuta. Ufutio wake ulitoboa karatasi.
Jumamosi ya pili tukaleta gazeti lile lile.
Ya tatu pia, limechakaa kama noti ya mia tano.

Kisha mvua za Machi.
Mama mmoja wa Kibosho akaniachia mashine yenye kutu,
akanitajia siku ya kuifuata:
"Nikimaliza kupanda mahindi, fundi,
nitapanda gari nije."
Akaondoka na mwavuli wake.
Mimi nikabaki na mkebe wa mafuta hewani,
mafuta yakidondokea kiatu.

Panda. Panda!
Mlimani unakwenda juu, shambani unaweka chini,
na neno ni lile lile, halijabadili hata shati.
Miaka hamsini na mitatu nalitumia kila msimu,
sijawahi kuligongea mlango wa pili.

Nikamtuma Elifasi ng'ambo na jibu na maelezo yake,
nikamfanya ayarudie mara mbili.
Alichelewa. Aliporudi hakuwa na gazeti,
alikuwa na kifuniko cha boksi la uzi,
na juu yake miraba sita kwa rula, mlalo mmoja tu,
hakuna wima wa kusaidia,
na chini, kwa mwandiko wake ulioinama:
*Kaa kutwa, ubebe kombe.*

Nililijua kabla sijavaa miwani.
Ng'ambo, alikuwa akimpimia mteja lastiki,
akiivuta, akiiachia,
hatazami huku kabisa.

"Ni nini, fundi?"
"Shinda."
"Limetokaje?"

Nikamwambia aende akatie mafuta mashine ya Kibosho.
Nikachukua kiti changu, nikakipangusa,
nikavuka nacho barabara.