Mwalimu Amechelewa

Siku ya kwanza niliamka kabla ya jogoo wa kina Nantende.
Niliuegemeza ukutani mlango wa choo cha zamani,
nikaupaka masizi ya betri mbovu na kisamvu kilichopondwa,
nikaandika tarehe juu, kulia, kwa ule mwandiko wa kulala
ambao madamu wa darasa la sita alikuwa akinisifia.
Juni, Newala. Baridi ya mlimani, ukungu mpaka jikoni.
Somoe, darasa la nne. Mkapila, la kwanza.
Nikasema: likizo si ruhusa ya kusahau.
Wakaitikia kama mgambo.

Siku ya nne chaki imebaki kama kucha.
Siku ya sita nilifundisha huku nachambua mbaazi.
Siku ya saba mbaazi zilinichambua mimi.

Mtoto wa mwenzio ukimwambia kaa, anakaa.
Wako anakuuliza kwanza kama chai ina sukari.

Hesabu tulifanyia korosho ghafi,
zile zilizokataliwa ghalani msimu uliopita.
"Kumi toa tatu, Mkapila?"
Akatupia jicho jikoni. "Tatu tushazichoma, mama.
Zimebaki saba. Ila na hizo..."
Jibu lilikuwa sahihi. Nikampa vema,
na jicho kali, vyote kwa pamoja.

Sehemu nilizifundishia kwenye pipa la maji.
Robo. Nusu.
Nzima hatujaiona tangu Mei.
Ndoo moja shilingi mia tano, mara ndoo nne, mara siku thelathini:
Somoe alizidisha upesi kuliko mimi,
akanyamaza,
kesho yake akanawa uso kwa kiganja kimoja.
Somo hilo sikuliandaa.

Baba yao hurudi asubuhi kutoka kupulizia salfa,
kope za njano, koo limekauka,
anasimama nyuma ya darasa bila kuvua buti.
Siku ya tisa nilimwona midomo inacheza
pamoja nao: ba, be, bi.
Nikajifanya sijaona.
Nikaandika herufi kubwa zaidi.

Siku ya kumi na moja nilikwisha.
Sikuumwa, sikugombana na mtu. Nilikwisha tu,
kama mafuta ya koroboi yanavyokwisha, utambi ungalipo.
Mimi niliyeishia kidato cha pili
nawasindikiza watoto wapi, mahali nisikofika?
Nikavuta kanga usoni.
Leo mlango urudi kuwa mlango.

Ngo. Ngo. Ngo.
Mtu anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko,
polepole, kwa mapigo ya kengele ya shule.
Nikatoka na usingizi wangu na hasira zangu.
Mkapila yuko mbele ya ubao, suruali kaivaa nyuma mbele,
kaandika tarehe. Ya jana, lakini kaandika.
Somoe kakalia kinu kilicholazwa, daftari gotini.
Na nyuma yao, mwenye buti za salfa
amechuchumaa, kipande cha mkaa mkononi,
anaogopa kunitazama.

Mkapila akanikagua kuanzia kanga hadi kandambili.
"Umechelewa, mama. Simama pale pembeni."

Nikasimama.
Umande ukinitonea shingoni kutoka kwenye bati,
nikanyoosha kidole
kuomba ruhusa ya kuingia.