Saba

Mbwa wangu anaitwa Hayawahusu.
Jina nimelichagua makusudi:
kila nikimwita, majirani wanapata salamu zao.

Hapa Muyuni sisi ni wasasi.
Nguruwe akishatoka maweni usiku, halali mtu,
muhogo unafukuliwa hata ule mchanga,
na asubuhi wale wale wanaoukwepa mkono wangu
wanasimama mlangoni, mbali kidogo:
"Pandu, na mbwa wako yupo?"

Jumapili ile jino la nguruwe
lilimpasua paja, nikamfunga kanga kuukuu.
Siku ya tatu kidonda kilitoa usaha,
na harufu iliyowahamisha kuku.

Nikakumbuka kopo la majani ya chai,
halina chai, lina vidonge,
nusu vyekundu nusu vyeusi,
vya kikohozi cha Riziki, mwaka juzi,
alivyovikatiza alipopata nafuu.
Nikampa kimoja ndani ya kichwa cha dagaa.
Jioni kimoja.
Kesho yake nikasahau.
Kesho kutwa nikampa viwili, kulipa deni.

Daktari Mize wa mifugo hakunigombeza.
Afadhali angegomba.
Alilinusa kopo, akauliza:
"Na Riziki naye aliishia njiani?"
Nikaziangalia kandambili zangu.

Mizani ya mwani walitunyima, wana haki yao.
Basi nikapanda ya kituo cha afya peke yangu,
kisha nikapanda nimempakata.
Akatoa hesabu kwa peni, kiganjani:
"Kilo kumi na tisa.
Dawa hupimwa kwa uzito wake,
si kwa huruma yako."

Akaosha, akakata nyama iliyokufa,
akachota usaha kwenye kichupa uende mjini,
"nijue ninapigana na nani."
Vidonge vipya akavihesabu juu ya karatasi:
asubuhi na jioni, siku saba.
"Akivimba uso, akitapika,
nipigie, hata saa nane za usiku.
Akichangamka, usiache."

Nikasema, saba si nyingi?

Aliitazama suruali yangu, ilivyolowa mate.
"Hayo utayaosha mara ngapi?"
"Saba. Moja kwa udongo."
"Na ya nne, maji yakishakuwa meupe,
unasema basi?"

Sikuwa na jibu. Nilitafuta hata la uongo.

Siku ya nne Hayawahusu akaruka ua,
akamfukuza paka wa watu mpaka juu ya bati.
Nikavihesabu vilivyobaki: saba.
Mkono wenyewe ukaanza kuelekea kopo,
vya akiba, si mtu hajui ya kesho,
ukakomea hewani.
Nilivifikiria vijidudu vilivyoonja dawa visife,
vimejibanza pajani mle, kimya,
vinaisoma sura yake
ili siku nyingine visiiogope.
Na siku hiyo pengine kidonda
si cha mbwa.

Nikampa cha jioni.

Kopo sasa lina majani ya chai.

Siku ya saba, kidonge cha mwisho kimemezwa,
nimechutama kisimani na udongo wangu,
nahesabu kwa sauti, tano, sita,
wanawake wamesita na ndoo zao:
"Wewe Pandu, unahesabu nini?"

"Hayawahusu," nikawajibu.

Mbwa akaja mbio.