Bango Lisilotaja Jina

Asubuhi hii mezani pangu kuna mabango mawili.
La kwanza lina jina, Zelmorin, kwa herufi nono,
na chini yake, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa:
ini, figo, majinamizi, vifo vichache.
Hilo sina ugomvi nalo.
Limebisha hodi, limetaja ukoo wake na madeni yake.

La pili halina jina. Linauliza tu:
Je, vidole vyako huchelewa kuamka kuliko wewe?
Huenda ni baridi yabisi. Zungumza na daktari.
Maneno mema, siyakatai.
Halitaji dawa, kwa hiyo halitaji ini.
Sheria ndivyo inavyoruhusu:
asiyeuza hadaiwi risiti.

Ila tazama kona ya kulia, juu,
pale jicho linapopita bila kusimama.
Ndege.
Rangi ya chungwa, bawa moja limekunjwa,
yule yule anayeruka juu ya kisanduku cha Zelmorin.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Waliosema hivyo hawakukiona cha tatu,
kinachonyamaza konani
kikingoja kufahamika kwa manyoya yake.

Desmond aliyechora anaegemea mlango wangu,
kikombe mkononi, theluji bado kwenye viatu.
"Bi Halina, ni ndege tu. Ndege hawana mwenyewe."
Namwambia, huyu anaye.
Amelipiwa kila usiku wa mpira wa magongo
kati ya kipindi cha pili na cha tatu,
mpaka watoto wa New Jersey nzima
wanamjua kabla ya kumjua kunguru.
Anacheka. Nami nacheka, kidogo.
Dirishani, mtu anakwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya benki.

Sijamwambia habari za Jumapili.

Jumapili nilikuwa Wallington kwa mama.
Vidole vyake vimekuwa tangawizi.
Alinipa chupa ya matango ya siki nimfungulie,
akageuka upande, nisimwone akinitazama nikiifungua.
Kisha akasema, kwa furaha kabisa:
"Klinikini nimeona bango zuri. Halikuuza kitu.
Ndiyo maana nikaliamini."
Daktari, mtu wa haraka, alimuuliza anataka ipi,
maana ziko nne, zinafanana.
Jina hakuwa nalo.
Akasema, ile ya ndege.

Ini la mama lina historia yake, tangu Łódź,
tangu sindano iliyochemshiwa watu kumi.
Bango halikumuuliza. Lingemuulizaje?
Halikuwa likiuza kitu.

Nilimwomba anipeleke nilione.
Jumatatu, kabla ya kazi, tukasimama mbele yake,
yeye na mkoba wake, mimi na funguo za gari.
Chini kabisa, pembeni, namba ya idhini.
M-0417.
Aprili, Ijumaa, saa kumi na moja jioni,
kila mtu keshavaa koti.
Naifahamu namba ile kama mtu anavyofahamu
mwandiko wake kwenye barua aliyokana kuiandika.

"Mwaka jana lilipita," Desmond ananikumbusha, kwa upole.
Ndiyo, nasema. Nililipitisha.
Nafungua kalamu nyekundu.
Namzungushia ndege duara, kisha duara la pili.
Kando yake naandika: ondoa. Badili na rangi. Badili na herufi.
Mtu aliyeliona moja asilikumbuke jingine.
Wino unapenya hadi karatasi ya chini,
unaacha alama kwenye kisanduku, juu ya jina.

"Niweke nini badala yake?"
Sijui, Desmond. Chora chupa ya matango.
Anadhani natania.

Simu yangu inatetemeka mezani. Ni mama.
Daktari amepiga, anataka kumpima damu tena.
Anauliza kama kuna ubaya.
Visanduku amevipanga dirishani pa jikoni, anasema,
vitatu, ndege wote wakitazama nje.
Vinapendeza, anasema,
hata kama hakuna jua.