Flashi ya Mwalimu Shekiondo

Duka langu lipo Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
mlango wa bluu, baina ya fundi baiskeli na muuza mkaa.
Natoa kopi, napiga picha za pasipoti,
naandika barua za kazi kwa wasiojua pa kuanzia.
Kompyuta yangu ni ile ya madirisha manne,
mtumba wa ofisi ya mkonge iliyofungwa,
na kila asubuhi, kabla sijafagia,
naiwasha, naiuliza: umeamkaje?
Kinga hujibu pembeni, chini, kulia:
muda umekwisha, siku sitini na moja. Lipia.

Sikulipia.
Pesa ile ilikwishakuwa jozi ya viatu vya shule.

Akaja Mwalimu Shekiondo na mtihani wa majaribio,
Darasa la Saba, kopi mia na ishirini,
flashi imefungwa kamba moja na funguo za kabati.
"Yangu haiugui," alisema, wala sikuwa nimeuliza.
"Ina tufaha lililong'atwa. Kinga ni mambo yenu nyinyi."
Alilitamka *nyinyi*
kama alalaye ghorofa ya tatu anavyowataja mbu.

Nikachomeka.

Kopi zilitoka safi, bado zina joto.
Alipokwisha kuvuka barabara ndipo mafolda yakaanza
kugeuka vivuli, moja baada ya jingine,
kila kivuli na mshale mdogo ubavuni.
Barua ya Mwanahija ya kuomba kazi bandarini: kivuli.
Ukoo mzima wa Kihiyo, masikio yote mawili yanaonekana
kama Uhamiaji walivyotaka: kivuli.
Ratiba ya arobaini ya marehemu Mbelwa,
ambayo wanawe wangeifuata saa kumi.
Nikabofya, nikabofya.
Ni kama kubisha hodi nyumba uliyoizoea
ukajibiwa na sauti usiyoijua.

Semkiwa wa chuoni alikuja na mashine yake,
ile yenye ndege asiyeruka.
Akafungua. Faili zote zilikuwamo, zimefichwa tu,
na mdudu amelala katikati yake, hana kazi;
hapo kwa Semkiwa hakuelewa lugha ya mtu.
"Unaona? Mimi kinga siihitaji."
Nikamuuliza: na flashi ukimpa mwenzio,
huwa unaiosha kwanza?
Akakuna shingo.

Mwalimu hakusema uongo. Yake haikuugua.
Ilibeba tu, ikapita, ikashusha kwangu,
na pengine kabla yangu ilishusha Makorora,
Chumbageni, ofisi ya kata, sijui wapi tena.
Uzima wake ndio uliomficha mgeni.

Wiki ya pili Semkiwa alirudi, uso umemshuka.
Simu ilimwambia: *ile hela tuma kwenye namba hii*,
na kweli alikuwa anadaiwa kodi,
na kweli mwenye nyumba hubadili laini kila mwezi.
Akatuma. Ndege wake hakulia.
Nilimpa chai. Nini ningemwambia?
Hakuna programu ya kufunga mlango
ambao mwenyewe umeufungua ukijua unamlipa mwenye haki yake.

Sasa nalipia kinga, mwezi mmoja mmoja, kwa kujibana.
Kila Ijumaa nanakili kazi zote kwenye diski ya pembeni,
naichomoa, naitia kwenye kopo la biskuti.
Ukiniuliza nani anaihitaji na nani haihitaji,
nitakuuliza wewe: unakaa peke yako?

Mlangoni nimebandika karatasi:
FLASHI ZOTE ZITAOSHWA KWANZA
ZA MADIRISHA ZA TUFAHA ZA NDEGE

Mwalimu Shekiondo aliisoma, miwani puani.
Akatoa kalamu nyekundu, akatia mkato baada ya MADIRISHA,
akarudi nyuma hatua moja, akatazama, akatia wa pili.
Kisha akanyoosha flashi, kiganja wazi, kimya,
kama mtoto anayeonyesha mikono kabla ya kula.